Wageni wa Mama Mkwe

Kwako dada yangu Mwanaisha,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute umeshapona mgongo, na Mama analala vizuri, na shemeji amevuna korosho za kutosha. Sisi huku Morogoro tupo, tunapumua. Zena ameota jino la nne na anauma kila kitu. Mume wangu Shabani bado anawaendesha kwa gari wataalamu wa mbegu. Mvua inanyesha kila siku, mlima umejifunika mawingu kama una homa, na nguo hazikauki.

Umeuliza kwa nini nimekaa kimya muda mrefu. Dada, nilikuwa nafua mavi. Sikutanii. Na si ya Zena, ya Zena nimeshayazoea. Nilikuwa nafua mavi ya sungura.

Unajua mama mkwe anaishi na sisi tangu miguu ilipoanza kumvimba. Nilikuwa sijakuandikia jinsi anavyoishi, kwa sababu hakukuwa na cha kuandika. Nampigia goti namwamkia, anaitikia. Namwekea chakula, anamega kidogo anasukuma sahani. Halafu anakaa mlangoni mwa chumba chake anaangalia ukuta wa jirani mpaka jua linazama. Nyumba yake na migomba yake viliachwa kule nyuma ya milima, walipohamishiwa kijiji kipya cha ujamaa kando ya barabara. Toka hapo, anasema Shabani, mama yake hajacheka.

Basi mzungu mmoja kati ya hao wataalamu akamaliza mkataba wake. Watoto wake walikuwa na sungura wawili, mmoja mweupe na mmoja wa kahawia, wanalala nao, wanawabusu mdomoni. Ndege ya kurudi kwao haichukui sungura. Mzungu akampa Shabani. Nikafurahi mwenzio, nikatafuta nazi. Shabani anawashusha kwenye tenga, mama mkwe akanyoosha mikono, akampakata yule mweupe, akamfunika na upande wa khanga.

"Huyu haliwi," akasema. "Wala mwenzake."

Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote niliyokuwa nimeyasikia kwake mwezi ule. Ningesema nini? Nazi nikaipikia mchicha.

Akaanza kuwaita wageni wake. Asubuhi nikimwamkia, yeye ananiuliza, "Wageni wangu wameamkaje?" Na wageni, dada, lazima wale. Akawapa majani ya kabichi yenye umande, maganda ya ndizi mbivu, viazi vitamu, ugali wa jana, hata uji wa Zena. Chakula chake mwenyewe alikuwa anakigawa. Wale wanyama wanatafuna tu, pua zinacheza, na yeye anatabasamu.

Halafu wakaanza kuharisha.

Sijui nikueleze vipi. Si maji kama ya mbuzi. Ni uteute, kama ute wa bamia iliyochacha, una harufu inayoingia kooni ikakaa hapo. Ulikuwa kwenye mkeka, kwenye khanga za mama mkwe, kwenye kizingiti, kwenye manyoya ya miguu yao, na wao wanatembea nao nyumba nzima. Nikamkuta Zena ameketi juu yake anapigapiga kofi. Na siku moja nimesimama na ufagio, yule wa kahawia akainamisha kichwa katikati ya miguu yake, akapokea kinyesi chake laini kikitoka, akakila. Akatafuna huku ananiangalia! Nilikimbilia uani nikatapika chai yote.

Na sabuni hakuna. Ikija dukani tunapanga foleni toka alfajiri tunapata kipande cha mche, kipande hicho hicho ndicho cha kuogea, cha nepi na cha sare za Shabani. Nimekikata nikamwoshea makalio sungura. Mwombe shemeji akipata sabuni huko Lindi anipe mtu anayekuja huku.

Nikamwambia Shabani, "Ama unawachinja ama narudi kwetu." Akacheka. Yeye anarudi jioni ananuka petroli, anayajulia wapi hayo?

Yule mweupe akaacha kula. Tumbo likamjaa upepo likawa gumu kama ngoma, akajikunja pembeni anasaga meno. Mama mkwe alimpakata akimsugua tumbo kwa kidole kimoja, polepole, kama unavyomfanyia mtoto mchanga mwenye chango. Asubuhi nilimkuta bado amekaa vilevile, na sungura ameshakuwa wa baridi mapajani mwake. Shabani akamzika nyuma ya choo.

Siku ile mama mkwe hakugusa chakula. Shabani alipojaribu kumbembeleza, akamgeukia.

"Kule walikotoka walikuwa wanakula nini?"

"Nyasi, mama. Nyasi kavu, na punje kidogo za nafaka."

"Mzungu hakukupa?"

Shabani akaangalia viatu vyake. "Alinipa gunia. Alisema niwape hizo kwanza, chakula cha huku niwazoeshe kidogo kidogo, la sivyo matumbo yatavurugika. Nikaona aibu kubeba gunia la nyasi mjini. Nyasi zimejaa Morogoro nzima. Nikalitupa njiani."

Dada, nilimtazama mume wangu nikatamani nimpake ule uteute usoni. Mimi natapika uani, kumbe dawa ameitupa yeye kwa sababu ya aibu!

Mama yake hakupiga kelele. Alisema tu, "Kalitafute."

Akaenda. Gunia halikuwepo, lakini kwenye nyumba ya yule mzungu, mlinzi alimfungulia banda, na humo zilikuwepo nyasi kavu zimebaki kwenye kona. Akarudi na furushi kichwani, na sare yake ya kazi, akipita katikati ya watu. Nilisimama mlangoni makusudi ili nimwone.

Tukaondoa kabichi, ndizi, ugali, vyote. Nyasi na maji tu. Lakini yule wa kahawia alikuwa ameshachafuka nyuma, manyoya yameshikana yakawa gamba, na nzi hawamwachi. Mama mkwe akaniomba nimshikilie ili yeye amwoshe kwa maji ya uvuguvugu na chumvi. Gamba lilipolainika likafunguka, chini yake kulikuwa na mabuu. Meupe, madogo, yanachezacheza kwenye ngozi. Niligeuza uso pembeni, nimefumba macho, nimebana pua kwenye bega, na mikono yangu ipo hapo hapo imemshika.

Yeye akawa anayatoa moja moja kwa kijiti, ametulia kama anachambua mchele. Ndipo akaanza kuongea.

"Walipotuhamisha na mimi niliharisha hivihivi."

Nikafumbua macho.

"Maji mengine, unga mwingine wa kugawiwa, tumelala nje mvua inanyesha, nyumba hazijajengwa. Nilidhani utumbo utatoka. Choo hakuna, watu wamejaa kila kichaka. Nilijifunga vitambaa nikakaa mahali pamoja ili mtu asinione nyuma."

"Shabani alijua, mama?"

"Nimwambie mwanangu wa kiume kwamba naharisha?" Akatoa buu jingine akalifuta kwenye jani. "Hawa hawana aibu. Ndiyo maana nawapenda. Hebu mshike vizuri, anatetemeka."

Nikamshika vizuri. Nilimwambia maji yamepoa, nikaenda kuongeza ya moto.

Siku zilizofuata zilikuwa hizohizo, kuosha na kukausha na kuchungulia. Kinyaa hakikuniisha, usije ukadhani. Mpaka leo kabichi haiingii jikoni kwangu.

Juzi niko jikoni nakanda chapati, unga wenyewe tumeupata kwa shida. Nasikia miguu inaburuta. Mama mkwe amekuja mwenyewe bila fimbo, mkono ameukunja. Akaufungua mbele ya pua yangu. Punje za mavi ya yule wa kahawia, za duara, kavu, kama pilipili mtama, uteute umekwisha.

"Nusa," akasema.

"Mama, nakanda chapati."

"Nusa nikwambie!"

Macho yanang'aa kama ameshika dhahabu. Dada, nikainama, nikanusa. Zinanuka nyasi kavu, basi. Nilipoinua uso nadhani niliukunja vibaya sana, kwa sababu yule mama aliangua kicheko akashikilia mlango, akacheka mpaka machozi, na Shabani akaja mbio kutoka chumbani akidhani mama yake amepatwa na kitu, akasimama hapo ameduwaa.

Nisalimie Mama, mwambie Zena ana kipaji cha uso kama chake. Msalimie shemeji, na mjomba wetu fundi seremala, na watoto wako wote. Jirani yangu wa zamani, yule msuka ukili wa mikeka, mwambie simsahau. Mama mkwe naye anakusalimu, na hii ni mara ya kwanza anamtumia mtu wa Lindi salamu.

Ni mimi mdogo wako ninayenawa mikono mara mbili kabla ya kushika kalamu,

Somoe