Mtamba Niliyemwacha Sotik

Jumatatu, 15 Aprili 2024
Miaka thelathini na miwili tangu nitoke Sotik. Nimekamua, nimechuma chai mistari minne kabla ya mvua. Chai ya ndugu yangu. Shamba lake, hapa Nyamira. Kutoka mlango wa jikoni naona vilima vya Sotik, mwendo wa saa moja kwa gari. Sijawahi kurudi.

Arap Koech amepiga simu. Alikuwa jirani yangu. Siku ile sisi Wakisii tulipofukuzwa katika mapigano ya kikabila, nilimwachia ng'ombe wangu mwekundu. Anasema mapafu yake yamechoka, niende nichukue uzao wa ng'ombe yule kabla yeye hajafa. Na nirudi kabisa. Shamba lipo, ua wa kayaba bado umesimama.

Jumatano, 17 Aprili
Tangu simu ile sijasoma hata ukurasa mmoja wa kitabu. Nataka kurudi. Nina miaka sabini na minne, nataka kufia kwenye shamba nililonunua kwa mshahara wa ualimu, si kama mgeni wa ndugu. Binti yangu Kwamboka amesema niende nikipenda, ila nisimwite. Siku ile alikuwa na miaka mitano. Haki yake.

Jumamosi, 20 Aprili
Nimefika. Chai yangu haijapogolewa tangu siku ile. Imekuwa miti. Arap Koech hakuruhusu mtu kujenga humo.

Amekonda, mdomo ni ule ule. Zizini alinionyesha wanne. "Hawa wako. Lakini wamekuwa Wakipsigis, Mwalimu. Ukiwaita kwa Kikisii hawageuki." Nikawaita. Hawakugeuka. Tulicheka mpaka akakohoa.

Mvua ikatuingiza ndani. Wote waliacha viatu mlangoni. Mimi sikuvua. Niligundua baada ya kikombe cha pili: nimeketi nikitazama barabara, kamba zimefungwa. Vijana watatu wakapita wakipiga mluzi, kama wale waliotufukuza. Nikasimama. Walikuwa na vikapu vya chai tu.

"Vua viatu, Mwalimu. Hapa ni kwako."

Nikainama. Vidole vilikataa. Siku ile nilikimbia peku, Kwamboka mgongoni. Niliona aibu mbele ya mtu huyu. Hakurudia.

Jumapili, 21 Aprili
Nimelala kwake na viatu miguuni. Asubuhi nimemwambia sirudi kuishi, na sababu si yeye. Akatazama viatu vyangu. Kisha: "Basi toa ng'ombe wako wote, tumalize."

Kwao na kwetu, ng'ombe uliyemweka kwa rafiki ndiye kamba ya undugu. Ukiwatoa wote, umeikata. Alijua. Nami nilijua.

Nimechukua watatu. Mtamba mwenye doa kwenye paji nimemwacha. Nimemwita Kiprono, mwana wa Arap Koech, nikamwambia mbele ya baba yake: huyu ni wangu, wewe unanitunzia. Chai ile ipogoe, uchume.

"Na maziwa?" Kiprono akauliza.

Nikamjibu: maziwa ni yenu, ndama ni wangu.

"Wakisii ni wajanja," mzee akasema, akageukia ukuta. Alikuwa analia.

Jumanne, 30 Aprili
Arap Koech amepiga simu kuuliza kama watatu wale wanakubali kula migomba. Wanakubali. Leo nimewaita kwa Kikipsigis, wakageuka wote.

Vilima vimefunikwa na ukungu. Nimeacha viatu mlangoni, nimesoma kurasa kumi. Sitarudi Sotik.