Kagure Anamnyonya Kagure

Gakindu,
3 Machi 1971

Wangechi mtoto wangu,

Barabara ya kutoka Wang'uru imekatwa na nani? Kama daraja limebebwa na maji, niambie nikuhurumie. Tangu Desemba, ulipoweka mtoto mikononi mwangu na kunywa chai ukiwa umesimama, sijaona hata kisigino chako. Ng'ombe wa jirani yangu Wachuka anarudi nyumbani kila jioni bila kuitwa, na yeye hajasoma. Haya. Uko salama? Lile jipu la titi ulilopasuliwa lilifunga vizuri? Mbu wa huko wanakuachia damu kidogo? Mimi niko mzima, toa magoti.

Anayeandika ni Apondi, nesi mpya wa zahanati yetu. Ni mtu wa Kisumu, Kikuyu hajui, kwa hiyo mimi nasema Kiswahili na wewe ujibu kwa Kiswahili ili anisomee. Changu nilikiokota kwenye mashamba ya kahawa ya wazungu. Usikicheke.

Sasa keti chini, usikie. Mtoto alikataa chupa. Hiyo maziwa ya mkebe uliyoacha ilimharisha mpaka macho yakaingia ndani. Apondi akamtibu, akapona, lakini tangu hapo akiona chupa anakunja ngumi. Nikafanya vile mzee yeyote hufanya: nikampa titi langu limnyamazishe tu. Akanyonya upepo. Kila nikiketi, ananyonya upepo. Halafu upepo ukageuka maji, kama yale ya kuoshea mchele. Na sasa ni maziwa, Wangechi. Nyeupe. Mimi, ambaye wewe ndiwe kitinda mimba wangu, na nilikuachisha kabla ya Hali ya Hatari.

Nilimwonyesha Apondi. Akakamua kidogo kwenye kiganja, akatazama, akasema imewahi kuonekana, ati titi likinyonywa sana halimuulizi mtu umri. Lakini hakucheka, na huyu msichana hucheka sana.

Mtoto amenona. Njoo umwone. Na uje na titi zako, kwa maana hii si kazi yangu.

Mama yako,
Kagure mkubwa

*

Wang'uru,
21 Machi 1971

Kwa mama yangu,

Nakusalimu wewe, na magoti yako nayasalimu kando. Mimi ni mzima. Kidonda kilifunga, kimebaki kovu. Mbu hawajanimaliza. Msalimie Apondi, na umshukuru kwa mwandiko mzuri.

Barua yako niliisoma ofisini, nikaificha chini ya mashine ya kupiga chapa kama kitu nilichoiba. Mama, ni kweli? Umepita miaka sitini. Tafadhali mwachishe. Nimetuma mkebe wa aina nyingine kwa Kahiga, dereva wa lori la mchele. Chemsha maji vizuri.

Usiniambie nije na matiti. Yalikauka. Baada ya kupasuliwa niliogopa maumivu, nikaacha pande zote mbili, na maziwa yakakatika kama mfereji wa mpunga ukifungwa juu. Na nikiomba ruhusa kazini, kuna wasichana wanaokitazama kiti changu kila siku.

Kuna neno lingine, uniwie radhi. Nilimpa mtoto jina lako kwa sababu sikuolewa, hakuna nyanya wa upande wa pili wa kumwitia. Ndiyo desturi yetu, na nilifurahi. Lakini nikiwaza Kagure amempakata Kagure na kumnyonyesha, mwili unanisisimka. Nashindwa kujua nani anamlisha nani.

Binti yako,
Wangechi

*

Gakindu,
18 Aprili 1971

Wangechi,

Umeamkaje huko? Sisi tumeamka. Mkebe wako ulifika. Paka wa Wachuka alionja akahara, nikamwaga, sasa nimepanda kitunguu ndani yake. Nimekukasirikia, na nakupenda. Apondi, andika yote mawili.

Titi si mfereji. Titi linarudi kama linaombwa. Hii si maneno yangu peke yangu, Apondi anasema amewaona wamama waliokatika maziwa, yakawarudia. Kamua kwa mkono kabla ya kwenda kazini, kamua wakati wa chai, kamua ukirudi. Kama hakuna kitu, kamua zaidi. Upande wa kovu usiuruke kama maskini mlangoni. Tafuta mwanamke aliye na mtoto mwenye nguvu, akuazime mdomo wa huyo mtoto. Pika njahi, yale maharagwe meusi, ule kama uliyezaa jana. Na usiniambie mkono umechoka. Mimi nilianza na upepo.

Fanya haraka. Nitakuambia sababu.

Jino lake la kwanza lilipotokeza, langu la mbele lilianguka kwenye uji. Nikacheka, nikamwita mwizi. Likatokeza la pili. Nikapeleka ulimi, nikakuta shimo. Juzi Wachuka alikuwa anampapasa kichwa, akaona unywele mmoja mweupe. Akaung'oa. Asubuhi ulikuwa umerudi. Hata mvi anachukua! Naye ananona, na miguu yangu imekuwa mabua ya mahindi. Akinyonya anaweka mkono hapa kooni kwangu. Nikimeza mate, na yeye anameza.

Wachuka haingii tena. Alisimama nje ya ua akaniambia, "Kagure, ng'ombe anayejinyonya mwenyewe hupelekwa kwa mchinjaji." Nikamwambia, "Na jirani anayenusa nyumba za watu hupelekwa wapi?" Akaenda. Lakini nilipoingia ndani niliketi chini, kwa sababu kweli ng'ombe kama huyo nimewahi kumwona. Alikuwa na kiwele kikubwa na mbavu za nje.

Unajua mtoto akipewa jina la mtu, ni mtu huyo mwenyewe amerudi. Tangu azaliwe namwita "mimi mdogo," na ilikuwa mchezo mtamu. Lakini maziwa hushuka: mimi kwako, wewe kwake. Sisi tumeruka mtu, na mtu huyo ni wewe. Sasa najilisha mimi kwa mimi, na kitu kikijila hakiongezeki.

Apondi anasema kwao wanangoja mtu afe kwanza ndipo jina lake lipewe mtoto. Ananiuliza, "Nyinyi mlikuwa na haraka gani?" Nimemwambia aandike, asiulize.

Kumnyima siwezi, atakufa. Kuendelea, naona mwisho wake. Njoo urudi mahali pako katikati yetu.

Mama yako

*

Wang'uru,
6 Juni 1971

Mama,

Kikohozi kimepungua? Ulikohoa usingizini, nikakusikia kwa masikio yangu, kwa hiyo usiniambie hukohoi. Ndiyo, nilikuja. Siku ya Madaraka nilifika mpaka mlangoni kwako, nikaondoka bila kukusalimu. Ule mchele na sukari uliouona ni mimi niliyeuacha. Nisamehe.

Nianze na habari njema. Nilikutii. Jirani yangu hapa ni Katunge, Mkamba, mke wa polisi, na ana mtoto wa kiume anayenyonya kama pampu ya maji. Nilipomweleza alicheka mpaka akashika mlango. Akasema, "Lete hiyo titi tuione. Mwanangu hana dini, atakula popote." Nikawa namchukua asubuhi na jioni. Wiki nyingi hakuna kitu, mtoto anakasirika, ananiuma, namrudisha nikilia. Katunge ananiambia, "Kesho tena." Tone la kwanza lilitoka upande wa kovu, mama, upande niliodhani umekufa. Mwisho wa Mei nililowa blauzi nikiwa ofisini. Wanaume wote wakaanza kusoma mafaili.

Basi nikapanda gari nikiwa na furaha. Nilitaka kukushtua.

Mlango ulikuwa wazi, na jua limeingia mpaka katikati ya chumba. Ulikuwa umeegemea ukuta, umelala, na mdomo wako ulikuwa unanyonya. Unanyonya hewa, mama, polepole, kama mtoto anayekaribia kushiba. Yeye alikuwa ameketi mbele yako, macho makavu, mkono kidevuni, kama mtu anayemlinda mgonjwa. Aligeuka. Akanitazama kutoka miguuni hadi kichwani, vile wewe hunitazama nikitumwa chumvi nikachelewa. Kisha akasonya. Mtoto hata mwaka hana, akanisonya kama mzee.

Maziwa yangu yalishuka pale pale, yakalowesha kifua chote. Nilitaka kuingia. Lakini niliweka mzigo chini nikarudi nilikotoka, na njia yote mpaka sokoni nilitega sikio nisikie akilia. Hakulia. Nyumba ilikuwa kimya, kama hakuna aliyekuja na hakuna aliyeondoka.

Sasa ninayo maziwa, namwogopa mtoto wangu. Nikimchukua kifuani, nitakuwa nimempakata nani?

Binti yako mwoga

*

Gakindu,
13 Juni 1971

Wangechi wangu,

Salamu zako nimepokea, na mchele nimepokea. Sukari ilipokewa na sisimizi, mjinga wewe. Kikohozi kipo. Habari za magoti usiulize, siku hizi sitembei sana.

Apondi alinisomea barua yako akaikunja. Mimi nilipiga makofi. Tone la upande wa kovu! Mwambie Katunge nitambariki hadi wajukuu wake wachoke.

Unauliza utakuwa umempakata nani. Utakuwa umenipakata mimi. Kuna ubaya gani? Nilikubeba mgongoni tukichimbishwa mtaro wa serikali wa kuzuia udongo, ukanikojolea kila siku, na sikukuuliza wewe ni nani. Watoto wote wanatisha. Wewe ulikuwa unacheka usingizini ukiwa umegeukia kona ambayo haina mtu. Nilikunyonyesha hivyo hivyo, nikiogopa. Ukitaka kumwogopa, mwogope akiwa kifuani kwako.

Sasa sikia. Mimi nimeacha. Siku barua iliposomwa nilijipaka shubiri, ile chungu kabisa. Alionja mara moja, akaniangalia muda mrefu, akafunga mdomo. Hajaniomba tena. Nampa uji mwepesi kwa kijiko, na Apondi analeta maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa. Anameza kidogo tu, kwa heshima, kama mgeni ambaye chakula chake kiko kwingine. Anapungua. Mchana wote ameketi ameangalia mlango. Wachuka angesema anaona mizimu. Mimi nasema aliona ulicholeta siku ile, na anajua kiko wapi.

Langu linakauka. Likikauka nasikia na vitu vingine ndani yangu vinakauka nalo, bila maumivu. Apondi anataka nipelekwe hospitali kubwa Nyeri. Nimemwambia nitakwenda, lakini kuna mtu namngoja kwanza. Anaandika hii akiwa amekasirika. Muone vile anakandamiza kalamu.

Njoo Jumamosi. Usilete mkebe. Usioge kwa sabuni ya harufu. Leso yangu iko kwenye kamba, jifunge hiyo ili akusikie harufu ya nyumba. Mpakate, ngozi kwa ngozi, umpe upande unaoshuka haraka. Akikataa, dondosha maziwa kwa kijiko juu ya titi yateremke mpaka mdomoni mwake, umngoje, usimlazimishe. Akikusonya, na wewe msonye.

Na kama utanikuta nimelala na siitiki, usinitikise, usipige kelele. Nipite. Mchukue yeye, keti, mnyonyeshe. Kulia unaweza kulia, machozi hayaharibu maziwa. Akishashiba na kulala, ndipo uite watu.

Mama yako