Darubini Gani Uje Nayo Aprili

Kitongoji cha Kuromori,
Mkoa wa Aomori.
27 Januari 2019

Mpendwa mpwa wangu Naoyuki,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa karibu na jiko, umeshiba, na soksi zako ni kavu. Mkeo Chisato hajambo? Na mwanao Kozue, jino lake la mbele limeshaota au bado anapiga mluzi kila akitaka kusema? Mimi mjomba wako ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linajua theluji itaanguka lini kuliko watangazaji wa redio.

Na theluji ya mwaka huu si mchezo. Tangu Desemba nimepanda juu ya paa mara nne kuisukuma chini, na kila mara mkazamjomba wako Hatsue husimama uani akinitajia umri wangu kwa sauti ya kuwasikilizisha majirani. Amesema nikuandikie kwamba maharagwe na viazi mlivyotuma vimefika, na kwamba viazi vya kwenu Obihiro ni vitamu kuliko vyangu. Hilo la pili nimeliandika kwa kulazimishwa.

Hongera sana kwa kibali cha bunduki ya raifo. Miaka kumi ya kubeba bunduki ya marisawa bila kosa si kitu kidogo, na najua polisi walivyowazungukia majirani zenu kuuliza kama unagombana na mkeo na kama ukilewa unapiga kelele. Mama yako Fumie alinipigia simu akilia kwa furaha, halafu akanigombeza eti mimi ndiye niliyekutia wazimu huu.

Sasa nije kwenye swali lako. Umeuliza ununue darubini ipi ya kufunga juu ya bunduki, na umeniwekea picha ya ile ndefu inayokuza mara ishirini na nne. Kwenu kwenye mashamba tambarare, mtu anayempiga paa akiwa mita mia tatu, sitakukataza. Lakini ukija kwetu Aprili kwenye msako wa dubu, usije nayo. Nunua fupi, inayoanzia mara moja na nusu na kuishia sita. Huku magenge ya mlima yamebanana, dubu hutokea karibu na hupita haraka, na mwenye darubini kubwa huona manyoya tu asijue kama ni bega au tako.

Usidanganywe na kioo kinachong'aa dukani. Kwanza tazama pete za kuifungia, kwani mara nyingi kinachoharibu windo ni pete za bei rahisi zinazolegea bunduki inaporudi nyuma. Hakikisha jicho lako linabaki vidole vinne nyuma ya kioo. Mwindaji mwenzangu Moriji alijifanya mjuaji akalisogeza, na kovu lile la nusu duara juu ya nyusi yake unalijua, ingawa watu wote wa mjini anawaambia ni kucha za dubu.

Kisha uipeleke uwanja wa shabaha. Piga risasi moja, zungusha kirekebishi cha darubini juu hatua ishirini, piga, zungusha kulia, piga, chini, piga, halafu rudi kushoto, piga. Risasi ya mwisho ikiangukia tundu la kwanza, nunua. Isipoangukia, mrudishie mwenye duka hata kama ni rafiki yako. Na ukitoka penye jiko kwenda kwenye baridi, usipumulie kioo, kwa sababu ukungu wake haufutiki kwa kitambaa.

Hayo ungeweza kuyapata kwa mtu yeyote. Yanayofuata huwezi kuyapata kwa mwingine, nami nimechana karatasi mbili kabla ya hii.

Kuna mwaka mimi nami nilinunua darubini ya mara ishirini na nne. Ilikuwa Aprili, miaka kumi na minne iliyopita. Niliibeba kifua mbele, na kambini hawakuniacha nipumue. Moriji aliniuliza kama nakwenda kumwinda dubu au kumhesabu kope. Mkuu wa msako wetu, mzee Tetsugoro, hakucheka. Aliitazama, akasema tu kwamba ni kubwa.

Mwaka huo tulikuwa watu kumi na wawili. Mama yako alihama akiwa msichana, huenda hakukusimulia. Mwenye mlima wetu, yaani mungu wake, ni mwanamke, ana watoto kumi na wawili, na wanaume kumi na wawili wakiingia kwake pamoja huona wamekuja kumfanyia dhihaka. Kwa hiyo tunachonga mtu wa kumi na tatu kwa mti. Ni kijitu cha urefu wa mkono, macho yake mikato miwili, mdomo mkato mmoja, na jina lake ni Sansuke. Tunamtendea kama mwenzetu. Anapewa tonge lake la wali, anaitwa jina lake kwenye orodha, na anayembeba humjibia. Msako ukiisha anashukuriwa, anaachiwa nafasi yake kwenye kihekalu, na sisi tunarudi nyumbani.

Mbebaji wake siku hiyo alikuwa Kyuzaburo, bora kati ya waswagaji wetu, wale wanaomfukuza dubu kwa kelele aje kwenye bunduki. Alimtia kwenye mkoba mgongoni, akafunga kamba, akashuka bondeni na waswagaji wenzake. Sisi wa bunduki tukapanda ukingoni, kila mtu na kituo chake. Changu kilikuwa namba tatu.

Kulikuwa kweupe pee, jua la saa nne, hakuna upepo. Nilipokuwa nasubiri nikafanya kosa ambalo ukilifanya ukiwa nami nitakunyang'anya bunduki mwenyewe. Niliitumia darubini ya bunduki kutazama. Nikatazama miti, nikatazama vituo vya wenzangu, nikamwona hata Moriji akijisaidia nyuma ya mti, nikacheka peke yangu. Mpwa wangu, mtutu ulikuwa unamfuata yule mtu, nami nacheka.

Waswagaji wakaanza kupiga kelele bondeni. Dubu akatokea kwenye mteremko wa mbele, mita mia na hamsini, mweusi juu ya theluji. Nikaweka jicho na kioo bado kiko mara ishirini na nne. Niliona manyoya, kisha theluji, kisha manyoya tena. Nikasogeza kidogo kumtafuta bega, na uso wa mtu ukaingia kwenye kioo.

Ulikuwa nyuma ya dubu, palepale mistari ya msalaba wa kioo inapokutana. Uso wa ukubwa wa uso wangu na wako. Macho yalikuwa mikato miwili na mdomo mkato mmoja, na nilikuwa naona mistari ya mti shavuni.

Nikainua kichwa. Kwa macho matupu palikuwa na theluji na dubu tu. Nikarudi kwenye kioo, ukawepo, mkubwa zaidi kuliko kwanza, kana kwamba umepiga hatua mbili kunijia. Dubu akapita, akazama msituni. Nikasikia Tetsugoro redioni akiuliza, "Namba tatu, umelala?"

Msako ulipokwisha akaita majina kwa redio kama kawaida. Kila mmoja akaitika. Alipofika kwa Kyuzaburo, kimya. Akaita tena, kimya. Akapumua, akaliita jina la mwisho, Sansuke.

"Nipo."

Tulilisikia sote, watu kumi na mmoja, kila mmoja kwenye redio yake. Haikuwa sauti ya Kyuzaburo, wala ya mtu yeyote ninayemfahamu. Ilikuwa kavu na fupi.

Tulimkuta Kyuzaburo kwenye mteremko ule wa mbele, ndani ya shimo la theluji, kichwa tu kimejitokeza. Alikuwa amepoteza njia, akateleza, akavunjika mguu. Alikuwa ametugeuzia mgongo, hakuwa ameangalia upande wangu. Kutoka kituo namba tatu, yeye na dubu na mtutu wangu vilikuwa mstari mmoja. Redio yake ilikutwa kesho yake kwenye kijito cha chini, imelowa toka asubuhi ya msako. Mkoba ulikuwa mgongoni, kamba imefungwa kama alivyoifunga, na ndani hamna kitu.

Tulimtafuta Sansuke siku tatu, hatukumpata. Hakushukuriwa, hakupelekwa kihekaluni, hakuambiwa kwamba msako umekwisha. Ndiyo maana tangu hapo Tetsugoro hataki kuchonga mwingine. Anasema huwezi kuajiri mtu kwenye nafasi ambayo mwenyewe hajaiacha. Vifo vikatupunguza, tukawa kumi na mmoja, na hatukuwa na haja ya kulizungumza.

Sasa wewe unakuja, na ukija tutakuwa kumi na wawili. Nilimweleza Tetsugoro barua yako. Akasema mtoto wa Fumie ni damu ya hapa, hawezi kumfungia mlango, lakini mmoja wetu itabidi abaki nyumbani, na si yeye wa kumchagua.

Mpwa wangu, katika barua yako uliandika kwamba toka utoto umetaka kuwa mwindaji kama mjomba Seikichi, aliyeona uso wa mtu akamwacha dubu aende. Hadithi hiyo imetembea katika ukoo wetu wote. Kila mwaka mpya Kyuzaburo huniletea chupa ya sake, pombe yetu ya mchele, huinama mlangoni mwangu mpaka mgongo unamuuma, naye ana miaka sabini na tisa. Hatsue hujisifia kwa wageni. Nami hupokea chupa.

Si kweli, Naoyuki. Nilivuta kifyatulio.

Nilipoweka jicho mara ya pili, nikauona ule uso, niliogopa, na juu ya kuogopa nilimtaka dubu yule. Niliona uso na nikavuta. Bunduki haikulia. Nikatazama, kufuli la usalama lilikuwa limefungwa. Nami nilikuwa nimelifungua waswagaji walipoanza kelele, nakumbuka ubaridi wake kwenye kidole gumba. Sijui lilifungwaje. Nilikaa na aibu hiyo miaka kumi na minne na sikumwambia hata mke wangu.

Darubini ile haikuwa na kasoro. Ilinionyesha nilichopaswa kuona, tena kwa ukubwa. Ndiyo maana nimeshindwa kukuandikia habari za vioo na pete tu nikanyamazia mkono wa mtu aliyekuwa nyuma yake.

Jumapili iliyopita mchana niliichukua chupa yake ya mwaka huu, haijafunguliwa, nikaenda kwa Kyuzaburo. Alikuwa amekaa dirishani anamenya figili. Nilipiga magoti nikamweleza yote, mpaka habari ya kidole. Nililia, sikufichi. Nilitegemea anitukane, na ningeshukuru.

Aliendelea kumenya mpaka ganda likakatika. Halafu akasema, "Najua, Seikichi. Aliniambia nisigeuke mpaka utoe kidole."

Nikamuuliza nani. Alinitazama kama mtu anayeona nimeuliza swali la kitoto, akafungua chupa, akanimiminia kwanza mimi. Tulikunywa mpaka jua likahama dirishani.

Kesho yake niliipeleka bunduki yangu kituo cha polisi pamoja na kibali. Askari wa zamu aliniuliza kama ninaumwa. Nilimwambia nina mpwa anayekuja. Kwa hiyo mtakuwa kumi na mmoja, na hakuna haja ya mtu kuchonga chochote. Utasimama namba tatu. Ukiona kwenye kioo kitu usichokielewa, toa kidole kwanza, ufikiri baadaye, na dubu mwache aende zake hata kama Moriji atakucheka mwaka mzima.

Mimi nitakuwa kambini, chini nje ya mlima, napika wali. Njoo, mwanangu. Ukiona baada ya kusoma haya hutaki tena kunipa mkono, njoo hata hivyo, wenzangu wanakungoja.

Nisalimie Chisato, na Kozue umbusu pale penye pengo. Ukimpigia mama yako, mwambie kaka yake anamkumbuka, na barua hii umpe aisome. Tetsugoro anakusalimu, Moriji anauliza kama Obihiro kuna wajane, na Kyuzaburo amesema tu kwamba atafurahi kukuona uso kwa uso. Mwenye mlima akufungulie njia na akurudishe kwa mkeo na mwanao mzima.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye kuliko ninavyostahili kupendwa nawe,

Seikichi