Vumbi la Ruhuwiko

Baba Osmunda,

Kabla hujauliza hali yangu, sema kwanza kama umekula, maana najua unashindia chai tu. Wajukuu wazima. Joto la Dar linanikera.

Binti yako anataka nibaki mpaka Krismasi, na nilishakubali. Jana akanipeleka kwenye hekalu la Wahindu. Nikagonga kengele, nikakumbuka ya kanisa la kigango chetu. Halafu tukaenda kwenye hekalu la Makalasinga, unavua viatu mlangoni. Mzee mmoja wa kilemba, mvi tupu kama wewe, akapokea vyangu. Ndani tukalishwa dengu na chapati bure, wote chini sakafuni, bosi na mfagiaji. Kutoka, nakuta viatu vinang'aa! Yule mzee kavifuta kwa mikono yake. Osmunda akasema ndiyo ibada yao. Mimi nikamfokea yule mzee:

"Nani kakutuma? Hilo vumbi nimetoka nalo nyumbani Ruhuwiko!"

Akacheka. "Pole mama. Si urudi ukachukue lingine?"

Nikalia pale pale. Usimwambie mtu.

Krismasi wakae wenyewe. Nakuja Jumamosi. Uwanja usiufagie, na ule, mzee wangu, nikukute na nguvu ya kunipokea.

Mama Osmunda