Wenye Mgonjwa Wasimame

Nyumbani, juu ya Usa River
9 Septemba 1956

Kwa kaka yangu mpendwa Elirehema,

Shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute una afya na unakula vizuri, maana mama ameitazama picha uliyotuma na anasema shati limekuwa kubwa au wewe umekuwa mdogo. Huku Mungu ametuhifadhi. Baba hajambo isipokuwa goti. Mama hajambo. Dada Lydia anakusalimu sana, na habari zake nitazieleza mbele. Shule imefungwa, kahawa imeiva, tunachuma kutwa. Ukiona alama za vidole kwenye karatasi, usidhani nimesahau usafi niliofundishwa.

Najua unangoja habari za ombi lako. Baba alisema atakuandikia mwenyewe, lakini kila jioni anaweka karatasi mezani na kila asubuhi mama anaiondoa ikiwa tupu. Kwa hiyo nimeona nikuandikie mimi.

Mkutano wa chama cha kahawa ulifanyika ndani ya ghala, wazee wakakaa juu ya magunia, na Bwana Kilimo wa serikali akapewa kiti. Karani alikuwa na jino bovu, shavu limevimba, hawezi kusoma. Baba akanisukuma mbele, akawaambia kwamba ada ya shule aliyonilipia ifanye kazi leo. Wazee wakacheka, nami nikasimama nikasoma.

Nilisoma vizuri, kaka. Nilisoma kwamba unaomba chama kikugharimie mwaka mmoja baada ya masomo yako ya udaktari, urudi mlimani, upite nyumba kwa nyumba uwachunguze wenye kifafa, ujue dawa ipi inawafaa, na uchunguze pia huzuni inayowaingia watu wanaofichwa miaka mingi. Nilisoma kwamba serikali imekujibu kuwa fedha yake ya uchunguzi ni ya malale na magonjwa ya ng'ombe. Mzee mmoja nyuma akasema basi tungekuwa na mikia tungetibiwa zamani. Ghala zima lilicheka, nami nikadhani tumeshinda.

Lakini chama kilikuwa na fedha ya kijana mmoja tu, na kijana mwingine, Mika, naye aliomba, akachunguze kutu inayokula majani ya kahawa. Mwenyekiti, Mzee Anaeli, ni mtu wa haki. Alisema hatuwezi kutoa jasho la watu wote kwa shida isiyo yetu, basi kila shida ioneshe watu wake. Akaanza na kutu. Wenye miti yenye kutu wasimame. Wakasimama wote, tena kwa kushindana, huyu anasema imekula nusu ya shamba, yule anamwambia nusu ni kitu gani, njoo uone kwangu. Wakaketi. Ndipo akasema:

"Sasa wenye mgonjwa wa kifafa nyumbani wasimame."

Hakuna aliyesimama. Kaka, mimi nawajua wale wazee. Mmoja ana kijana ambaye tunamsikia nyuma ya zizi kila tunapopita kwenda kanisani. Mwingine mke wake aliungua mkono kwa kuangukia moto, naye husema ni uji uliomwagika. Na Mzee Elisaria, baba wa Maria mchumba wako, alikaa bega kwa bega na baba. Unajua desturi yetu: kabla ya uchumba kukubaliwa, mashangazi hupita kwa majirani kuuliza kama katika nyumba ile kuna mtu anayeanguka. Mashangazi wa Maria walipokuja, Lydia alikuwa amepelekwa Themi kwa mama mdogo, na majirani wakasema nyumba yetu ni safi. Nasi tulipokwenda kuuliza kwao tukaambiwa ni safi vilevile. Lakini mama alisikia mtu akigonga mlango kwa ndani, akaambiwa ni mbuzi.

Mimi peke yangu nilikuwa nimesimama, barua yako mkononi. Sikusimama ili kujibu. Nilikuwa tu sijaambiwa niketi. Mzee Anaeli akanitazama, na wengine wote wakageuka. Baba akasema kwa sauti ya chini, "Kaa chini, Penina."

Nikaketi juu ya gunia.

Mzee Anaeli akamshukuru Mungu aliyeuepusha mlima wetu na ugonjwa huo, na fedha akapewa Mika. Walipiga makofi. Hata baba alipiga.

Nyumbani hakula. Nilipomuuliza, alisema amefanya hivyo kwa ajili yako, maana angesimama ungemkosa Maria, na huenda wangekuja watu wa kumpeleka Lydia Dodoma kwa wenye wazimu. Akasema mtoto wake akitaka kuchunguza watu, mlima una pande nyingi, si lazima aanze na kwetu. Lydia alisikia yote kutoka chumba chake cha nyuma. Hakulia. Aliniuliza tu kama ulitaja jina lake katika ombi. Nikamwambia hukulitaja, uliandika "wagonjwa wa Meru". Akaendelea kuosha kile kikombe chake cha bluu ambacho tumekatazwa kukigusa tusije tukaambukizwa.

Nilikuwa nataka kuishia hapo, lakini sina mwingine wa kumwambia.

Kaka, na mimi naanguka. Mara ya kwanza ilikuwa shuleni, tukifua, nikasema ni jua. Mara ya pili ilikuwa hapa, katikati ya miti ya kahawa, kabla ya ule mkutano. Lydia ndiye aliyekuwa karibu. Alinigeuza ubavu, akaweka kanga yake chini ya kichwa changu, akaketi mpaka nikaamka. Tangu siku hiyo tunakunywa sote wawili katika kikombe cha bluu, mama asipotazama. Mwalimu mkuu akijua atanirudisha nyumbani, na ule uuguzi ninaoutamani utaishia jikoni, tena jikoni hawataniacha karibu na moto.

Kwa hiyo pale ghalani, baba aliponiambia niketi, tulikuwa wagonjwa wawili tulioketishwa, Lydia na mimi, naye alimjua mmoja tu.

Tafadhali omba tena mwakani. Usiandike wagonjwa wa Meru. Andika Lydia binti Sumari, na Penina binti Sumari. Kama karani atakuwa mzima, nitamwomba mimi nisome. Nitakuwa nimesimama tayari, na safari hii sitaketi.

Mama anakuombea, na anasema ule ndizi hata za huko. Lydia amenishika mkono nikiandika mstari huu, ndiyo maana umepinda. Hiyo ndiyo salamu yake. Msalimie kila anayekutendea wema.

Ni mimi mdogo wako,
Penina