Mizani Iliyompunguza Neema

Jumamosi, saa kumi jioni. Mvua imekatika sasa hivi, Kasubi nzima inanukia udongo uliolowa, na mimi nina chaki kwenye vidole na kicheko kisichotaka kuisha. Wacha niandike.

Kwanza niungame.

Jumatano mizani yangu ya dukani ilianguka. Mimi mwenyewe niliisukuma kwa kiwiko nikigeukia gunia la maharagwe. Niliiokota, nikaipangusa, nikaona mshale umerudi kwenye sifuri, nikanyamaza. Muuza nafaka gani hutangaza kwamba mizani yake imeanguka? Wateja wangehamia ng'ambo ya barabara kabla ya saa sita.

Alhamisi akaja Noela. Ni jirani yangu, ametoka Bukavu, anashona nguo chumba cha pili kutoka hapa. Ana binti wa miezi minne, Neema, na kila baada ya wiki mbili humleta nimpime kwa sababu foleni ya kliniki ni ndefu na kazi ya cherehani haingoji. Mara ya mwisho mtoto alikuwa kilo 5.9. Alhamisi mshale ulisimama kwenye 5.6.

"Dada Nafula, mutoto anapunguka," alisema. "Maziwa yangu haitoshi."

Nikamwambia labda amekaa vibaya tu. Upuuzi mtupu! Nilijua mizani imeanguka, na bado sikufungua mdomo. Jana nikamkuta ameinamia cherehani bila kuikanyaga, macho mekundu. Akasema Jumatatu anamwachisha ziwa, ampe maziwa ya kopo.

Hapo ningesema. Sikusema.

Leo asubuhi nilikwenda darasani. Niliacha shule kidato cha pili huko Bungoma, na sasa, nikiwa na miaka thelathini na tisa, kila Jumamosi najifunza hesabu upya kwenye ukumbi wa kanisa pamoja na watu wazima wenzangu. Mwalimu wetu ni polisi mstaafu. Sote tunamwita Afande. Leo aliandika ubaoni: mizani mbovu inaonyesha papai kilo 3, tikiti kilo 5, lakini vyote pamoja kilo 9. Je, inakosea kwa kiasi gani?

Masikio yakaniwaka moto.

"Nafula, kuja mbele," akasema. "Hiyo kosa ipe herufi, usiogope herufi. Ni mtu tu haijasema jina yake."

Kosa nikaliita k. Papai likipimwa peke yake, mizani inaficha k. Tikiti peke yake, inaficha k nyingine. Yakipimwa pamoja, inaficha k moja tu. Kwa hiyo tatu na tano, yaani nane, imekosa k mbili. Tisa imekosa k moja. Tofauti ya tisa na nane ndiyo k yenyewe. Kilo moja!

"Lakini Afande, ikiwa tupu si mshale ungeshuka chini ya sifuri?"

"Kuna kapini kadogo pale, inazuia mshale. Ikiwa tupu, inajifanya mzuri."

Darasa zima likacheka. Mimi nilishachukua mwavuli.

Nilimwita Noela dukani, nikamwomba amlaze Neema kwenye sahani ya mizani. Neema akakojoa hapo hapo. Tukapangusa, tukaanza upya. Mtoto: 5.6. Mfuko wa maharagwe: 3.6. Kisha mtoto na mfuko miguuni pake, mama akiwa amemkinga kwa mikono bila kumgusa: 9.8. Nikaandika kwa chaki juu ya kaunta. 5.6 na 3.6 ni 9.2. Inayobaki kufikia 9.8 ni 0.6, ndiyo inayofichwa na mizani.

Neema ana kilo 6.2. Hajapungua hata kidogo. Ameongezeka gramu mia tatu!

Noela alitazama chaki, akanitazama mimi. "Na wewe ulijuaje mizani iko mubaya?"

Nikamweleza. Kiwiko, Jumatano, ukimya, yote.

"Siku mbili, Dada," akasema polepole. "Siku mbili niko nalia."

Nikamwomba radhi.

Noela akanyanyuka, akatoa rafuni pakiti ya sukari ya kiwandani, iliyofungwa, imeandikwa kilo 2. Akaiweka kwenye mizani. Mshale ukasema 1.4.

"Dada, si ungeanza na hii?"

Algebra yangu yote! Tulicheka mpaka Neema akashtuka na kuanza kulia, tukacheka tena. Kumbe tangu Jumatano nimekuwa nikiwapa wateja zaidi ya nusu kilo ya nyongeza kila ninapopima, nami nikidhani wanatabasamu kwa sababu ya uzuri wangu.

Jumatatu nitafunga duka asubuhi, niende nao kliniki. Nimeahidi kushika foleni mimi, muuguzi ampime Neema kwa mizani ya kweli na azungumze na mama yake. Neema haachishwi ziwa.

Mizani iko chini ya kaunta, inamsubiri fundi. Noela alikaa juu ya magunia ya mchele kunyonyesha, na usingizi wa siku mbili ukamchukua, mtoto naye kifuani. Wapo hapo hadi sasa. Wateja wakija nawaonyesha kidole mdomoni, nawauzia sabuni na chumvi kwa kunong'ona.