Mkwe Wangu na Waranti ya Gari

Jumapili, 2 Juni

Misa ya kwanza. Upepo wa kukata masikio. Nilikaa kiti cha nyuma cha gari kama kawaida, binti yangu Resti mbele, mumewe kwenye usukani. Kisogo cha mkwe wangu nakijua kuliko uso wake. Kina kovu dogo chini ya sikio la kushoto. Anitha, mtoto wao, yuko darasa la tano sasa, na mimi na baba yake hatujawahi kutazamana wala kula pamoja. Natamka "Baba Anitha" tu. Jina lake silitaji.

Kwetu ng'ambo ya ziwa ndivyo ilivyo. Mkwe na mama mkwe hukwepana mpaka wazee wa upande wa mke wapokee kuku wa heshima kutoka kwa mkwe na kuwakalisha pamoja. Wazee wangu walibaki ng'ambo. Mimi nilivuka nikiwa msichana, vita vikiwa nyuma yetu. Nimezeekea Ufipa, na hapa hakuna wa kutukalisha. Basi mwiko umebaki. Nimeushika kwa sababu vingine vyote nilivyovuka navyo vimeshachakaa.

Majirani, wengi wao niliowafundisha, wananitania. "Mwalimu, wewe na mkweo bado mnacheza kombolela?"

Gari bado linanukia upya. Niliuza shamba la Mollo kulinunua, na kadi ina jina langu. Yeye ndiye anayeliendesha: anateremka Wampembe, ziwani, kuchukua samaki aina ya migebuka, anapanda nayo kuja sokoni Sumbawanga. Sote tunakula humo.

Jumatano, 5 Juni

Resti kaleta habari. Kuna kijana gereji, Gasto, mwenye kompyuta. Anaingia kwenye control box, ubongo wa injini, anabadilisha programu, injini inatoa nguvu zaidi. Mkwe anaitaka. Mlima wa kutoka ziwani unamchelewesha, wenzake wanafika sokoni kabla yake.

Nimekitoa kijitabu cha waranti, nikakisoma chote na miwani. Maneno yako wazi. Programu ya injini ikibadilishwa na mtu asiyetumwa na wakala wa kampuni, na kitu kikaharibika kwa sababu hiyo, hawalipi. Injini, turbo, gia, vyote juu yako. Hakisemi waranti yote inakufa. Taa ikizimika yenyewe au kioo kikigoma, bado watatengeneza. Lakini moyo wa gari unabaki peke yake.

Nimemweleza Resti yote. Amwambie mumewe asithubutu.

Jumapili, 9 Juni

Limeguswa. Gasto alikuja uani mchana, waya mmoja chini ya usukani, kompyuta mapajani.

"Shikamoo bibi. Gari lilikuwa limelala hili. Kiwandani wanalibana makusudi. Nimeliamsha."

"Na waranti?"

"Waranti haina macho, bibi."

Mkwe alikuwa upande wa pili wa gari. Niliona miguu yake tu, na kandambili za bluu. Ningeongeza sauti kidogo angenisikia. Sikuongeza. Nilirudi jikoni na hasira zangu.

Nikamuuliza Resti alimwambiaje. "Nilimwambia mama anasema uwe mwangalifu."

"Hayo tu?"

"Mama, maneno yako yalikuwa ugomvi. Wewe unakaa chumba cha nje. Mimi ndiye ninayelala naye."

Ujumbe ulitoka kwangu gunia, ukafika kisado. Simlaumu sana. Mimi nilikuwa hatua chache kutoka kwa mwenyewe.

Ijumaa, 14 Juni

Nilienda nao Namanyere, msibani. Gari linaruka. Vilima vilivyokuwa vinalifanya ligune, sasa linavimeza. Mkwe alikuwa anapiga mluzi. Resti alicheka njia nzima. Wiki hii samaki wake wamefika sokoni wa kwanza.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Nilipogeuka nyuma niliona moshi mweusi juu ya vumbi. Zamani haukuwapo. Sikusema.

Alhamisi, 20 Juni

Limekufa. Katikati ya mlima wa Wampembe, matenga yamepangwa mpaka juu. Kwanza sauti kama filimbi, halafu moshi, halafu hakuna nguvu kabisa. Turbo, ile inayoisukumia injini hewa, imevunjika, na fundi wa Namanyere anasema vipande vimeingia ndani ya injini. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Migebuka yote imeoza. Gari limefika nyumbani likivutwa na lori la mahindi.

Mkwe alipitia mlango wa uani. Nilimsikia akinawa uso. Alinawa muda mrefu mno.

Jumatatu, 24 Juni

Gasto amekuja bila kuitwa. Amerudisha programu ya kiwandani. "Liko kama lilivyozaliwa." Hakunitazama alipokuwa ananiaga.

Wakala anatuma fundi kutoka Mbeya Ijumaa. Mwenye gari ndiye wa kujibu maswali na kutia saini. Yaani mimi.

Jioni Resti alisimama mlangoni, anapindapinda ncha ya khanga. "Baba Anitha anaomba useme hakuna aliyeligusa."

Najua anachoomba. Injini nyingine hatuiwezi. Bila gari hakuna samaki, na bila samaki sioni tutakachoshika. Nimewahi kuwa miongoni mwa watu waliokaa ufukweni juu ya mizigo yao, hawajui waelekee wapi. Simwombei Anitha hali hiyo. Neno moja langu linaweza kuizuia. Neno la uongo.

Ningetaka kubishana na mkwe wangu. Kumkaripia, kumsikiliza. Kisogo hakibishani.

Jumatano, 26 Juni

Sikumpa Resti jibu. Nimepeta ulezi siku nzima. Mgongo unauma.

Ijumaa, 28 Juni

Fundi wa wakala ni binti, ovaroli safi, adabu nzuri. Alinipa mkono kuniamkia. Aliikagua turbo, akatoa mashine yake, lakini kabla ya kuichomeka akaniuliza.

"Mama, programu ya injini imewahi kubadilishwa?"

Nilivua miwani, nikaifuta kwa khanga. Akaendelea, bila ukali: control box huhesabu kila mara inapoandikwa upya. Hata ukirudisha ya kiwandani, hesabu inabaki. "Nauliza mapema, mama, nikupe nafasi ya kusema mwenyewe."

Mkwe alikuwa upande wa pili wa gari. Kandambili zilezile.

Nikalizunguka gari.

Nilimtazama usoni. Ana ndevu za mvi. Sikujua. Macho mekundu. Alivua kofia akajifunika uso nayo. "Mama! Mwiko!"

"Mwiko utasubiri. Nilijua litakalotokea, nikakutumia salamu badala ya kukuambia. Wewe ulijua jina langu liko kwenye kadi, ukanitumia uongo. Mimi sitausema. Lakini ukweli pia sitaki kukusemea; useme wewe."

Kofia ilishuka polepole. Akatoka mbele ya gari.

"Liliguswa, dada. Mimi ndiye niliyeleta fundi. Mama alikataza."

"Sikukataza," nikasema. "Nilituma ujumbe."

Binti aliandika. Kisha akachomeka mashine, nayo ikasema yaleyale. Akatueleza taratibu, kama anayetoa habari ya msiba. Turbo na injini hawatalipa. Breki, umeme, usukani, vingine vyote vinabaki kwenye waranti mpaka muda wake uishe. Nikatia saini.

Resti alilia jikoni mpaka sufuria ikaungua. Hasemi nami. Ana haki yake.

Jumanne, 2 Julai

Mkwe amepata kibarua, utingo kwenye lori la mtu mwingine. Dereva wa jana leo anapakia matenga ya wenzake. Ameulizia Tunduma injini iliyotumika. Itachukua muda mrefu.

Resti ameniletea chai. Ametia tangawizi kama ninavyopenda.

Jumapili, 7 Julai

Misa tulienda kwa miguu, wote wanne. Baridi imepungua kidogo. Gari liko uani juu ya mawe, kuku wa jirani wamefanya makao chini yake.

Baada ya misa mkwe alikuja kwa mlango wangu wa mbele. Mikononi tetea mweupe, miguu imefungwa kwa kamba ya mkonge. Alisimama kizingitini, ameinamisha macho.

"Mama, sijui nimkabidhi nani. Wazee wenu hawapo."

Nilikuwa nimejiandaa kusema kwamba ndivyo, hawapo. Halafu nikahesabu waliovuka nami. Wote wameshazikwa, Wampembe, Namanyere, huku mjini. Mkubwa wa upande wetu ni mimi. Sijui tangu lini. Hakuna aliyeniambia.

Nikampokea kuku kwa mikono miwili.

Resti alipika. Ugali wa ulezi, sinia moja katikati. Tulikaa mkekani, mkwe mbele yangu. Aliniomba chumvi, mimi mwenyewe, si kupitia kwa mtu. Nikampa. Gari halikutajwa.

Jina lake ni Didas. Anakula polepole, na hutenga kipande kizuri cha nyama pembeni kwa ajili ya Anitha.